Fedha Taslimu, Mkono kwa Mkono

Neno "taslimu" liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili yake ni kukabidhi. Kwa hivyo fedha taslimu si aina ya fedha tu, bali ni tendo: mmoja ananyoosha mkono akatoa, mwengine ananyoosha mkono akapokea, na papo hapo dai la huyu juu ya yule likakoma. Wahubiri wa uchumi mpya, wawe wa serikalini, wa mabenki au wa makampuni ya simu, wanasema siku za tendo hilo zinahesabika. Mnunuzi wa kesho, wanasema, atasogeza simu yake mbele ya kijimashine, kijimashine kitalia mara moja, naye ataondoka na mkate wake bila ya kugusa mkono wa mtu. Wanalitangaza hilo kama bishara, na wapo wengi wanaolipokea hivyohivyo bila ya kuuliza. Katika visiwa hivi ilifaa liulizwe maswali, na liulizwe mapema, kabla ya noti kukataliwa dukani na mwenye duka kusema kwamba ndivyo dunia ilivyo.

Wa kwanza kutendewa haki awe simu yenyewe. Hakuna mwenye akili timamu anayeweza kubeza alichofanyiwa Mswahili na simu katika mambo ya fedha. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, kijana aliyekwenda kufanya kazi Dar es Salaam alimpa fedha msafiri wa boti, akamwomba Mungu na akasubiri habari. Fedha nyengine zilifika, nyengine zilipungua njiani, na nyengine ziliishia kwenye visa vya kusimuliwa barazani. Wataalamu wawili, Tavneet Suri na William Jack, waliandika mwaka 2016 kwamba huduma hiyo iliziinua kaya takriban 194,000 za Kenya kutoka katika ufakiri, sawa na kaya 2 katika kila 100. Hilo ni jambo kubwa, na lilifanywa na kitochi, simu ya vibonye isiyohitaji intaneti wala kioo cha kupapasa.

Lakini itazamwe ni tatizo gani lililotatuliwa. Lilikuwa tatizo la umbali. Kati ya mtumaji na mpokeaji palikuwa na bahari, na simu ikaivuka. Kwenye kaunta ya duka hapana bahari. Muuzaji na mnunuzi wametenganishwa na ubao wa upana wa dhiraa moja, wanaonana uso kwa uso, na kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake. Teknolojia hii ya kulipa kwa kugusisha simu haifanyi kazi mpaka simu isogezwe kiasi cha sentimita 4 kutoka kwenye mashine. Basi mtu aliyekwisha kufikisha kiganja chake sentimita 4 kutoka kwa muuzaji anauziwa chombo cha kumfikishia fedha! Umbali unaozibwa hapo haukuwapo. Kilichopo ni nafasi ya kumwingiza mtu wa tatu baina ya wawili, na huyo hakai pale bure.

Ni nani huyo wa tatu? Aghalabu si mmoja. Simu ya kisasa haiipi mashine ya dukani nambari ya kadi ya mwenyewe, bali huipa nambari mbadala iliyotengenezwa kwa ajili ya simu hiyo, na kila malipo huthibitishwa kwa alama yake ya siri. Kwa upande wa wizi, hilo ni jambo jema na lisemwe. Ila nambari hiyo husafiri kutoka mashine ya duka hadi benki ya muuzaji, kutoka hapo hadi mtandao wa kadi, kutoka hapo hadi benki ya mnunuzi, kisha jibu lirudi njia ileile, na kila kituo kina mlango na kila mlango una mlinzi wake. Hata kifaa cha ndani ya simu kinachotoa mawimbi hayo kiligombaniwa. Kwa miaka mingi kampuni ya Apple haikuwaruhusu wengine kukitumia kwa malipo katika simu zake, mpaka Kamisheni ya Ulaya ilipoikubalisha Julai 2024 iwafungulie bila ya malipo. Aliyekwisha kununua simu kwa fedha zake hakuwa na amri juu ya mawimbi yanayotoka mfukoni mwake.

Unguja na Pemba kijimashine hicho bado ni kitu cha mahoteli na maduka makubwa yanayowahudumia wageni. Dukani kwa mwananchi kuna karatasi iliyobandikwa ukutani yenye Lipa Namba, na pengine kile kimraba cha vidoadoa ambacho simu hukipiga picha. Njia ni tofauti lakini safari ni ile ile, na Benki Kuu ya Tanzania imekwisha kujenga mfumo wa kuyaunganisha mabenki na mitandao yote ya simu, TIPS, ili fedha zipite baina yao kwa sekunde chache. Mlango upo wazi. Kugusisha simu kutafuata, na hakuna sababu ya kukuzuia. Shauri ni kuhusu kitakachotolewa nje wakati hicho kinaingizwa ndani.

Chukua noti ya shilingi 10,000. Mwalimu amenunua samaki, mvuvi akamlipa fundi mashine, fundi akampa mshoni, mshoni akanunua unga, na muuza unga akamlipa mchukuzi. Ikishapita mikono kumi noti hiyo itakuwa imechakaa, itanuka shombo na mafuta, lakini bado ni 10,000. Sasa zipitishwe fedha hizohizo katika njia ambayo kila mpokeaji hukatwa, kwa mfano wa hesabu tu, asilimia 1. Kwa mpokeaji wa kumi zimebaki takriban 9,044. Karibu elfu moja imeondoka mtaani. Haikununua samaki wala unga, na mtaa mzima hauwezi kusema ni saa ngapi ilipotea, kwa sababu kila mmoja alikatwa kidogo mno kiasi cha kuona haya kulalamika. Watetezi watajibu kwamba hata noti ina gharama zake za kuchapwa, kusafirishwa na kulindwa. Ni kweli. Gharama hizo hubebwa na hazina ya umma, kwa jambo la umma, na hazimkati mchukuzi kila anapopokea ujira wake.

Tena njia iliyokwisha kuwekewa mlango ni rahisi kuwekewa tozo. Julai 2021 Watanzania waliamka wakakuta kila muamala wa kutuma au kutoa fedha kwa simu umewekewa tozo ya serikali, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa kadiri ya kiasi. Kelele zilikuwa kubwa, na Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikapunguzwa tena miaka iliyofuata. Kwa nini ilipungua? Sababu moja haikuhitaji hotuba: wananchi walikuwa na pa kukimbilia. Walirudi kwenye noti. Mtu asiye na noti ya kurudia hana pa kusimama anapogoma.

Wapenzi wa ushairi wanaosoma kurasa kama hizi huenda wakapenda kukumbushwa kitu kilichochimbuliwa Mtambwe Mkuu, kule Pemba, mwaka 1984. Ilikuwa hazina ya sarafu ndogondogo za fedha, zaidi ya 2,000, zilizofukiwa takriban miaka elfu moja iliyopita, nyingi zikiwa zimepigwa hapahapa pwani kwa majina ya watawala wake. Maandishi yake ni ya Kiarabu, na yamepangwa kwa vina: upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na mwisho wa upande huu unaitikia mwisho wa upande ule. Sarafu za Kilwa zilifuata desturi hiyo hiyo. Yaani mtu wa pwani alibeba beti kwenye ncha ya nguo yake, na mwenye kuitoa sarafu alitia jina lake hadharani kuwa ni dhamana. Hata pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, ilichorwa mizani ili kila mwenye kuishika aone kinachoahidiwa. Noti ya leo nayo hubeba saini na maneno ya kuwa ni halali kwa malipo. Nambari mbadala inayoruka kutoka simu hadi mashine haina uso wa kutia jina. Masharti yake yako mahali pengine, kwa lugha nyengine, katika kurasa ambazo aliyezikubali hakuzisoma.

Hoja nzito kuliko zote katika visiwa, hata hivyo, si ya historia. Ni ya waya. Tarehe 10 Disemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika kwa hitilafu ya njia inayouleta kutoka bara chini ya bahari, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Mwaka mmoja na nusu kabla yake, Mei na Juni 2008, kisiwa kilikuwa kimekwisha kukaa gizani takriban mwezi mzima. Waliokuwapo wanakumbuka madumu ya maji yaliyokuwa yakisukumwa kwa magari ya mkono, kwa sababu pampu zilisimama, na wanakumbuka sauti za jenereta. Je, madumu hayo yalilipiwa kwa nini? Kwa noti na sarafu. Biashara ilidhoofika sana lakini haikufa, kwa kuwa noti haihitaji kuchajiwa. Waya mpya umewekwa tangu wakati huo, na wenye matumaini watasema yale yamepita. Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zilizolala baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa siku moja kusini huko, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoyumba. Na kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, safari hii si kwa nanga wala kwa mwamba wa bahari. Kitochi chenye kupiga nambari za nyota huweza kustahimili baadhi ya mikasa hiyo, maadam minara ina moto. Simu janja inayotaka intaneti haistahimili. Huo unaoitwa uchumi wa kisasa kumbe una swichi, na swichi haiko mkononi mwa muuza duka wala mnunuzi.

Jambo hili si la visiwa maskini peke yake. Jumatatu ya 28 Aprili 2025 umeme ulizimika Hispania na Ureno kwa saa nyingi, na watu wa miji mikubwa, waliozoea kulipia hata kikombe cha kahawa kwa kugusisha simu, walijikuta wamesimama mbele ya maduka yaliyojaa vyakula wasivyoweza kuvinunua. Aliyekuwa na noti alikula.

Kuna na mtoto. Kila aliyekulia visiwani aliwahi kutumwa dukani, na kutumwa huko kulikuwa skuli ya kwanza ya hesabu na ya uaminifu. Mtoto wa miaka minane amefumbata sarafu kiganjani hadi imepata joto, anarudia njia nzima maneno aliyofundishwa: robo ya sukari, kiberiti, chenji usisahau. Muuza duka anamjua ni wa nani. Anampimia, anamhesabia chenji kwa sauti, na mtoto akirudi na pungufu anaulizwa. Mtoto huyo hana kitambulisho cha taifa, hana laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole, hana simu ya laki kadhaa, na mzazi mwenye busara hatompa hata akiwa nayo. Duka lisilopokea sarafu limemfukuza mtoto huyo bila ya kumwambia toka. Limemfukuza pia bibi ambaye macho yake hayasomi kioo, na yule wa Makunduchi anayeuza mwani au mafungu ya ndimu na ambaye mapato yake ya siku hayafikii gharama ya kupitishwa katika milango iliyotajwa.

Na daftari je? Muuza duka wa mtaani hukopesha. Huandika "mama fulani, mchele kilo mbili" na hungoja mwisho wa mwezi, bila ya riba, kwa kuwa riba ni haramu kwake na kwa kuwa mama fulani ni jirani. Simu nayo inakopesha, lakini kwa namna yake. Nchini Kenya huduma ya kumfidia mtu anayepungukiwa wakati wa kulipa ilianzishwa Januari 2019 na ikapewa jina Fuliza. Mwenye kuipenda lugha hawezi kulipita jina hilo bila ya kusimama. Kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila ya kukoma. Ni kitenzi cha mvua, cha machozi na cha mashairi, na sasa ni jina la deni lenye ada. Aliyelichagua alikijua Kiswahili vizuri, na pengine alikuwa mkweli kuliko alivyokusudia.

Zipo hoja za upande wa pili ambazo si za kupuuzwa. Mwenye simu hulipa shilingi 1,350 kamili, wala hapewi pipi mbili badala ya chenji, dhuluma ndogo ambayo maduka mengi yameigeuza kuwa desturi. Mwenye duka halali na kisanduku cha fedha chini ya mto akiwahofia wezi. Mwanamke anayetaka akiba yake isijulikane na kila anayeingia chumbani huiweka salama zaidi katika simu kuliko ndani ya godoro. Hizo ni faida za kweli, na ndizo zinazoonyesha kwa nini simu iachwe iwe khiyari dukani. Hazionyeshi kwa nini noti ikataliwe. Pipi za chenji zitibiwe kwa Benki Kuu kutoa sarafu za kutosha.

Ama hoja ya kwamba malipo ya simu yatakomesha ukwepaji wa kodi, hiyo inachanganya vitu viwili makusudi. Risiti ya kielektroniki hutolewa kwa fedha taslimu pia, na mfanyabiashara asiyetaka kutoa risiti hazuiliwi na simu ya mnunuzi. Serikali ina haki ya kujua duka limeuza kiasi gani. Haki ya kujua ni nani aliyenunua dawa gani, usiku gani, na mara ngapi kwa mwezi, ni haki nyengine kabisa, na haijaombwa hadharani kwa sababu isingetolewa. Inachukuliwa kupitia mlango wa nyuma wa urahisi. Hata sadaka, ambayo uzuri wake ni kufichwa, inapata shahidi anayeiweka kwenye kumbukumbu pamoja na saa na dakika.

Wanaosema visiwa vitaachwa nyuma wangewaangalia waliotangulia. Sweden ndiyo nchi ambayo benki ya Stockholm ilitoa noti za kwanza za Ulaya mwaka 1661, na ndiyo iliyokwenda mbali zaidi katika kuzitupa: mwaka 2010 takriban watu 39 katika kila 100 walisema ununuzi wao wa karibuni waliulipia kwa fedha taslimu, na kufika 2020 walibaki takriban 9. Sasa sheria iliyoanza kutumika 2021 inayalazimisha mabenki makubwa ya nchi hiyo kuendelea kutoa huduma za fedha taslimu, na kijitabu cha tahadhari za vita na maafa kilichopelekwa majumbani mwishoni mwa 2024 kinawashauri wananchi waweke noti nyumbani. China, ambako hata muuza viazi vya kuchoma hulipwa kwa kupigwa picha kimraba, benki kuu yake ilitoa onyo mwaka 2018 kwa wanaokataa noti. Huko Marekani, mji wa Philadelphia ulipiga marufuku mwaka 2019 maduka kukataa fedha taslimu, na New York ikafuata mwaka 2020, kwa hoja kwamba maskini asiye na akaunti ana haki ya kununua chakula chake. Waliofika mwisho wa njia wanarudi kinyumenyume, na waliopo mwanzoni wanaambiwa wakimbie.

Wala isisemwe kwamba dola haina mamlaka ya kumwelekeza mwenye duka fedha ya kupokea. Machi 2025 zilitungwa kanuni chini ya sheria ya Benki Kuu za kukataza bei kutangazwa kwa fedha za kigeni nchini. Ikiwa mwenye duka anaweza kuambiwa dola ya Marekani asiitaje, anaweza pia kuambiwa shilingi ya nchi yake asiikatae. Fedha ni jambo la Muungano, na atakayetaka kulikwepa suala hili atajificha nyuma ya hilo. Leseni ya biashara si jambo la Muungano. Leseni ya duka la Mkunazini au la Chake Chake hutolewa Zanzibar, kwa masharti yanayoandikwa Zanzibar, na sharti linalohitajika ni la sentensi moja: muuza chakula, muuza dawa, mwenye kituo cha mafuta na mwenye daladala asikatae noti wala sarafu halali ya shilingi. Anayeuza kiwanja au gari aachwe atake benki, kwa kuwa hakuna mtoto anayetumwa kununua kiwanja. Baraza la Wawakilishi linakaa Chukwani, na kwa sentensi hiyo kikao kimoja kingetosha, wakati huu ambapo karibu kila duka la mtaani bado linapokea noti na hakuna tajiri atakayedai kwamba amekwisha kutupa kisanduku chake.